Gari Kuukuu, Malazi Mapya



Juma hili tunalijibu swali ambalo limetufikia kwa maneno mbalimbali lakini kwa maana moja: je, familia yenye pato la wastani yaweza kununua matatu lililochoka na kazi ya abiria, ikaling'oa baadhi ya viti, ikalitia kitanda, maji na jiko, likawa nyumba ndogo ya safari? Wanaouliza hawatafuti anasa. Nyanya yuko Lamu na miguu yake haimruhusu tena kusafiri kila mwaka. Ami yuko Nairobi. Khalati ameolewa Taveta. Watoto wa ndugu hawa wanakua kila mmoja upande wake, nao wakikutana kwenye harusi au matanga huelezwa kwanza nani ni nani. Likizo ya Aprili hupita, ya Agosti hupita, na ya Disemba nayo hupita, kwa kuwa nauli ya watu sita na malipo ya vyumba viwili vya kulala njiani humeza fedha zote kabla ya safari kufika nusu.

Jibu letu ni kwamba yaweza, na mikono ya kuifanya kazi hiyo tunayo papa hapa Pwani: maseremala, wachomeleaji, mafundi wa umeme wa magari na washonaji wa viti. Lakini tumeyaona pia magari ya namna hii yaliyoishia uani, yametolewa viti na hayajatiwa kitanda, kuku wakitaga ndani yake, na akiba ya mwaka mzima imelala humo. Gari la nusu kazi ndilo gari ghali kuliko yote. Kwa hiyo maelezo yetu yatahusu zaidi mpangilio: lipi litangulie, lipi lifuate, na lipi liachwe kabisa.

Safari kwanza, gari baadaye

Kabla ya kumwendea dalali, familia ikae pamoja, baba, mama na watoto waliopevuka, iandike safari zake za mwaka. Ikiwa safari ni moja tu, ya kwenda Nairobi na kurudi, msinunue gari. Tangu mwaka 2017 treni ya Madaraka Express inafanya safari hiyo, na mabasi hayakukatika. Gari lililoegeshwa miezi kumi na moja bado hulipiwa bima, betri yake hufa, na matairi yake hupasuka kwa jua.

Gari la aina hii huwa na maana pale linapokuwa na kazi ya siku nyingine: kubeba bidhaa za duka la nyumbani, sufuria za mama anayepikia watu karamu, vifaa vya fundi, au watoto wa ukoo wanaokwenda shule na madrasa. Kwa sababu hiyo, jambo la mwanzo la kuamua ni kwamba vitu vya kulalia viwe vya kuingia na kutoka, visijengwe vya kudumu.

Wazo hili lina umri wake. Volkswagen ilianza kuunda vani yake mashuhuri nchini Ujerumani mwaka 1950, na mwaka uliofuata kampuni ya Westfalia ikatengeneza kasha la samani la kuwekwa ndani ya vani hiyo na kutolewa. Mwenye gari alibeba bidhaa zake siku za kazi, na siku za mapumziko akalitia kasha akasafiri na watoto. Nchi ilikuwa imetoka vitani miaka michache tu kabla ya hapo, na wengi hawakuweza kumiliki magari mawili, moja la riziki na jingine la matembezi.

Nasi watu wa Pwani tunao mfano wetu. Mabaharia wa majahazi yaliyobeba boriti kutoka Lamu waliishi majuma mengi juu ya shehena, wakiwa na sanduku la nguo, mkeka wa kukunja, pipa la maji, na jiko lililowekwa ndani ya kasha lenye mchanga ili moto usiguse mbao. Kila kitu kilikuwa na mahali pake, na kila kitu kilifungwa. Anayetengeneza gari la safari afikirie chombo cha baharini, asifikirie sebule.

Kutu, adui wa Pwani

Sheria ya nchi hairuhusu kuingizwa gari lililozidi miaka 8. Kwa hiyo mwenye fedha chache huyatazama yale yaliyokwisha kutumika hapa hapa, na aghalabu huwa ni Toyota HiAce au Nissan za viti 14.

Mnunuzi wa bara huanza na injini. Mnunuzi wa Pwani na aanze na bodi. Injini yaweza kufunguliwa ikatengenezwa, au kubadilishwa kabisa, lakini gari lililoliwa na kutu mihimili yake ya chini halina dawa ya bei nafuu. Hewa yetu ina chumvi, na chumvi hiyo hufanya kazi mchana na usiku. Tazameni chini ya milango, ndani ya matao ya magurudumu, kwenye mfereji wa paa, pembeni mwa kioo cha mbele, na hasa pale springi zinaposhikana na mihimili. Inueni zulia la mpira la sakafuni. Matatu huoshwa kila siku, na maji yaliyonaswa chini ya zulia hilo hula bati kimyakimya.

Nendeni na vitu viwili: sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa, na bisibisi. Tundu la kutu laweza kujazwa puti, likapakwa rangi na kung'aa, nayo macho yakadanganyika. Sumaku haidanganyiki, kwa kuwa puti haishikwi na sumaku. Bisibisi nayo ikibonyezwa kwenye mhimili wa chini ikazama, shukuruni mmejua mapema, mrudi nyumbani na fedha zenu. Kutu ya juu juu isiwatishe, kwani hiyo husuguliwa na kupakwa rangi ya kuizuia. Lakini isicheleweshwe hata mwezi mmoja, maana usipoziba ufa utajenga ukuta.

Baada ya bodi, mchukueni fundi wenu, asiwe rafiki wa muuzaji, alitazame gari likiwa baridi na likiwa moto. Aulize habari za mkanda wa taimingi. Injini nyingi za dizeli za HiAce za zamani hutumia mkanda huo, ambao hubadilishwa kila baada ya kilomita 100,000. Ukikatika njiani, huenda injini yote ikaharibika. Muuzaji asiyejua ulibadilishwa lini, hesabuni kwamba haukubadilishwa, na gharama yake muiondoe katika bei.

Matairi nayo yasihukumiwe kwa meno tu. Ubavuni mwa kila tairi pana tarakimu nne za mwisho, mbili za juma na mbili za mwaka: 2319 maana yake ni juma la 23 la mwaka 2019. Tairi lenye meno mazuri lakini lenye umri mkubwa laweza kupasuka kwenye joto la njia ya Mariakani, gari likiwa limejaa watoto.

Viti vya kubaki

Hapa ndipo wengi hufanya haraka. Viti vyote hung'olewa siku moja, kisha mabenchi ya mbao hutengenezwa ubavuni, watoto wakakaa wakitazamana kama wageni barazani. Gari likisimama ni raha. Gari likifunga breki ghafla, watoto hao hawana kinachowazuia.

Shauri letu ni kwamba kiti cha dereva na vile vya mbele vibaki, na safu moja ya nyuma yake ibaki vilevile, na mikanda yake. Familia ya watu sita itapata nafasi ya kukaa. Kanuni za mwaka 2004, zile zilizofahamika kwa jina la waziri John Michuki, zilizitaka matatu zote ziwe na mikanda, kwa hiyo mtaikuta. Lakini ikaguliwe mmoja mmoja, uliochakaa ubadilishwe, na fundi ahakikishe kwamba umeshikwa na chuma cha gari. Mkanda uliofungwa kwenye mbao ni pambo. Gari likiwa mwendoni, hapana mtu kulala kitandani, hata mtoto aliyeshikwa na usingizi. Usingizi una wakati wake, nao ni wakati gari limesimama.

Kitanda na uzani

Ndani ya HiAce ya kawaida, nyuma ya viti vya mbele, pana nafasi ya karibu mita 3 kwa urefu, mita 1.5 kwa upana na mita 1.3 kwa kimo. Safu moja ya viti ikibaki, hubakia nyuma yake karibu mita 1.8, ambayo ni urefu wa mtu mzima. Hicho ndicho kitanda chenu: mita 1.8 kwa 1.5, cha watu wazima wawili na mtoto mdogo. Tuseme wazi kwamba gari hili halilazi watu sita. Mtoto mmoja atalala juu ya safu ya viti, na wavulana wakubwa watalala kwenye hema dogo kando ya gari, au barazani kwa mwenyeji. Familia ikilijua hilo tangu mwanzo haitakuja kulumbana saa nne za usiku njiani.

Kitanda kiwe kimo cha sentimita 30 au 35 kutoka sakafuni, ili mtu aweze kukaa juu yake bila ya kujipinda sana, na chini yake pakae masanduku. Plaiwudi huuzwa kwa bamba la futi 8 kwa 4. Bamba la milimita 18 lina uzito wa karibu kilo 30, na la milimita 12 karibu kilo 20. Chagueni la milimita 12 na mliwekee mihimili myembamba ya mbao chini, litatosha. Mabamba mawili hukata kitanda chote pamoja na sehemu kubwa ya masanduku, ikiwa seremala atachora kwanza kwenye karatasi kabla ya kushika msumeno.

Kuna hekima moja ndogo yenye faida kubwa. Viti vilivyong'olewa huacha matundu yake ya bolti sakafuni, yenye nguvu na yaliyotengenezwa kiwandani. Fremu ya kitanda ifungwe kwenye matundu hayo hayo. Hamtatoboa bati jipya, na kila tundu jipya katika hewa yetu ni mlango wa kutu. Na siku mkitaka kubeba mzigo, spana moja itakitoa kitanda kizima kwa muda wa kunywa kikombe cha kahawa.

Manahodha walijua kwamba chombo kisicho na farumi nzuri hupinduka. Gari nalo lina farumi yake. Vizito vyote vikae chini na karibu na katikati: madumu ya maji, betri, sufuria, unga na mchele. Madumu matatu ya lita 20 ni kilo 60. Betri kubwa ni kilo 30 hivi. Vitu hivi havizidi uwezo wa gari lililozoea kubeba abiria kumi na watatu na dereva wao, lakini vikipandishwa juu ya paa hulifanya liyumbe kwenye kona na kwenye upepo. Juu ya paa wekeni hema, mkeka na vitu vyepesi, basi.

Joto, mbu, maji na taa

Bati lililopigwa na jua la Mombasa tangu asubuhi hulifanya gari kuwa tanuri hata baada ya magharibi. Dawa ya kwanza ni ya bei ndogo: paa lipakwe rangi nyeupe. Ya pili ni karatasi ya fedha yenye sponji, iwekwe kati ya bati na dari. Ya tatu ndiyo kubwa, nayo ni hewa ya kupita. Madirisha mawili ya pande zinazotazamana yafunguke usiku, na yote yafungwe chandarua kilichoshonwa kwa kipimo chake. Msilale bila chandarua, kwani malaria haiulizi kama mtu yuko nyumbani au safarini.

Mapazia yashonwe kwa vikoi au leso zilizomo kabatini, nayo yawe mazito ya kutosha kusitiri. Pazia moja litenge viti vya mbele na kitanda, ili akina mama wapate faragha ya kubadilisha nguo. Godoro la sufi ni zuri nyumbani, lakini katika gari hunywa unyevu likawa zito. Sponji ngumu ya sentimita 8 au 10, iliyokatwa vipande vitatu, hukunjwa mchana ikawa kiti.

Maji ya kunywa na kupikia yawe na dumu lake, na ya kutawadhia na kuoshea yawe na lake, lenye bomba dogo chini. Hakuna haja ya pampu.

Kuhusu umeme, hesabu ifanywe kwa kalamu kabla ya kwenda dukani. Taa tatu za LED za wati 5, zikiwaka saa 4, hutumia wati-saa 60. Feni ndogo ya wati 15 kwa saa 8 hutumia 120. Simu nne huchukua kama 60. Jumla ni 240 kwa usiku mmoja. Betri ya volti 12 yenye amperi-saa 100 hubeba wati-saa 1,200, lakini betri ya kawaida ya risasi isitumiwe zaidi ya nusu, isije ikafa mapema. Bado mna usiku mbili bila ya kuichaji, na paneli ya sola ya wati 100 juu ya paa huyarudisha matumizi ya usiku mmoja katika siku ya jua zuri. Msinunue zaidi ya hapo. Betri hii itengwe na ile ya kuwashia injini, ili asubuhi gari lisikatae kuwaka, na waya wake uwekewe fyuzi karibu kabisa na betri, kwa maana waya uliochunika ndani ya gari la mbao na sponji ni moto unaosubiri saa yake.

Moto na pumzi

Tunaomba aya hizi zisomwe kwa sauti, na walio nyumbani wote wasikie.

Mtu wa Pwani akifika Limuru au Nyahururu, penye zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, baridi humuuma mpaka mifupani. Fikira ya kwanza inayomjia ni kuingiza jiko la makaa ndani ya gari, hata kama ni makaa yaliyokwisha kufifia, na kufunga madirisha. Fikira hiyo imeua watu wengi, majumbani na mahemani. Makaa hutoa hewa iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu, haiumizi koo wala haitoi machozi. Huingia katika damu mahali pa hewa safi, na mwenye kulala huzidi kulala, asiamke. Gari ni dogo kuliko chumba chochote, na muda wake ni mfupi kuliko wa chumba chochote. Jiko la makaa lisiingie ndani ya gari kamwe, liwe linawaka au limefifia. Injini pia isiachwe ikinguruma watu wakiwa wamelala. Baridi idawiwe kwa mablanketi, soksi na chai ya tangawizi.

Mtungi wa gesi wa kilo 6, ule tuuitao meko, wafaa kwa kupikia, lakini upikie nje, chini ya mlango wa nyuma uliofunguliwa juu. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutuama sakafuni, pale pale watoto walipolaza vichwa. Mtungi ukae katika kisanduku chake chenye tundu la kutokea nje chini ya gari, ufungwe usianguke, na kila usiku mtu mmoja aliyeteuliwa aufunge kabisa kabla ya kulala. Karibu na mlango wekeni mtungi wa kuzimia moto, mahali ambapo mtoto wa miaka kumi anaweza kuufikia na amefundishwa kuutumia.

Karatasi na mifuko mitatu

Matatu lililogeuzwa la nyumbani halibadiliki kwa kufutwa utepe wake wa manjano tu. Matumizi yake yabadilishwe rasmi NTSA, likaguliwe, na logibuku isomeke kwa jina lenu na kwa hali yake mpya. Mwenye bima aelezwe kwa maandishi kwamba viti vimepunguzwa na kitanda kimewekwa, na kama litabeba bidhaa za duka, alijue hilo pia. Aliyeficha neno wakati wa kulipa bima hujikuta peke yake wakati wa kudai. Wala msibebe abiria wa kulipa kwa kisingizio cha kupata mafuta, kwani gari hilo halina tena ruhusa ya kazi hiyo.

Sasa fedha. Tunapendekeza mifuko mitatu. Wa kwanza ni mfuko wa roho: breki, matairi, usukani, kutu, mikanda, mkanda wa taimingi, kizima moto. Wa pili ni mfuko wa usingizi: kitanda, godoro, chandarua, maji, taa. Wa tatu ni mfuko wa pambo: rangi ya nje, redio, dari ya kitambaa, rimu za kung'aa. Katika kila shilingi 100 za matengenezo, 60 ziingie mfuko wa kwanza, 30 wa pili, na 10 ziwekwe kwa lile lisilotarajiwa. Pambo lingoje kitakachobaki, na kisipobaki kitu, gari litasafiri bila pambo. Mfuko wa pili usifunguliwe kabla kazi za wa kwanza hazijakamilika. Kila shilingi iandikwe kwenye daftari na mtu mmoja, na kwa kawaida mama wa nyumba ndiye mwandishi bora, maana chovya chovya humaliza buyu la asali, na safari nyingi za kwenda dukani kununua skurubu kumi kumi ndizo humaliza bajeti.

Kazi iendeshwe kwa awamu, kwa fedha iliyo mkononi. Hatuoni busara ya kuchukua mkopo wa riba kwa ajili ya matembezi, wala ya kuuza dhahabu ya mke kwa ajili ya godoro la gari. Dhahabu hiyo ni ngome ya nyumba siku ya maradhi. Chama cha ukoo chaweza kufaa zaidi: ndugu watatu wakachanga, gari likawa la wote, na zamu zikaandikwa kabla ya ufunguo wa kwanza kuzungushwa. Mikono nayo ni fedha. Kijana wa kidato cha tatu anaweza kusugua kutu na kupaka rangi. Binti anaweza kushona mapazia. Na babu aliyekuwa seremala, ambaye siku hizi hakuna anayemuuliza kitu, ataulizwa tena.

Kujaribu kabla ya kwenda mbali

Usiku wa kwanza laleni uani kwenu. Mtajua feni inapopiga kelele na dumu linapovuja, na kitanda chenu cha nyumbani kiko hatua kumi tu. Mara ya pili nendeni Malindi, kilomita 120 hivi kutoka Mombasa, mlale kwa jamaa, ndani ya ua wao. Fundi alitazame gari mkirudi. Baada ya hapo ndipo njia ndefu zifunguke: karibu kilomita 480 za Nairobi, mkipumzika Mackinnon Road penye msikiti unaojulikana na kila msafiri, kisha Voi, na Mtito Andei karibu na nusu ya njia, au ile ya Lamu kwa Garsen na Witu hadi Mokowe, ambako gari hubaki na watu huvuka kwa mashua. Msiendeshe usiku, na msilale kando ya barabara. Laleni kwenye ua wa jamaa, kituo cha mafuta chenye walinzi, kambi za KWS, au uwanja wa msikiti kwa idhini ya wasimamizi wake.

Huenda baadhi yenu, baada ya kuyasoma haya yote, mkaona kwamba fedha zenu hazitoshi mfuko wa kwanza. Basi subirini. Nyanya wa Lamu atafurahi zaidi kuwaona mkifika kwa basi mwaka huu mkiwa salama, kuliko kungoja gari ambalo halina breki. Lakini yule ambaye fedha zake zinatosha roho na usingizi, hata kama hazitoshi rangi, asingoje gari liwe zuri. Wazee hawazidi kuwa vijana, na watoto wa ndugu wakishaingia vyuo na ndoa hawapatikani tena wote kwa pamoja. Gari lenye madoa ubavuni, likiegeshwa Mokowe na watoto wanane wakishuka wakikimbilia mashua kwenda kwa nyanya yao, limekwisha kulipa gharama yake.

Mwenyezi Mungu azifanyie wepesi safari zenu, na awarudishe nyote majumbani mkiwa na afya. Wabillahi tawfiq.